Mjadala: Majina ya wanaotaka kuongoza Tume ya Uchaguzi yabandikwe tuyaone kabla Rais hajateua

Mpigakura wa Tabata

Wakuu, salaam. Daftari la wapiga kura likiboreshwa, majina yetu hubandikwa ukutani kituoni. Jirani akiona jina la marehemu, au la mtu aliyehamia Kigoma zamani, anaweka pingamizi. Hata mgombea udiwani fomu zake hubandikwa nje ya ofisi ya msimamizi, na mwenye neno anapewa muda wa kulisema. Sasa huyu anayesimamia daftari lote na wagombea wote, jina lake lilibandikwa wapi? Sisi tunalipata kwenye taarifa ya Ikulu, karatasi moja yenye nembo inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "uteuzi huu unaanza mara moja." Ukimaliza kuisoma, kilichobaki ni kuapishwa.

Najua mtaniambia kuna sheria mpya. Kweli, Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya 2024 imeleta Kamati ya Usaili chini ya Jaji Mkuu. Ni hatua, sibezi. Lakini Ibara ya 74 ya Katiba bado inamwachia Rais uteuzi, na Jaji Mkuu mwenyewe ni mteule wa Rais, ambaye mara nyingi naye ni mgombea. Hapo mwananchi yuko wapi?

Kinachonisumbua hasa ni Ibara ya 41(7). Tume ikishamtangaza mshindi wa urais, hakuna mahakama ya kuhoji. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2020, kwenye kesi ya Jebra Kambole, kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kama mlango wa nyuma umefungwa hivyo, basi tupewe wa mbele: majina yachapishwe, wananchi wapeleke wanachokijua juu ya kila mmoja, usaili urushwe TBC, kamati iseme kwa nini imempendekeza huyu ikamwacha yule. Sidai tuwapigie kura.

Mzee wa Kijiwe, Magomeni

Kijana, majirani zetu wameyafanya yote hayo. Wakenya wana jopo la uteuzi, usaili unaonyeshwa kwenye runinga mpaka unachoka, wananchi wanapeleka maoni. Agosti 2022, makamishna wanne kati ya saba wa tume yao wakamwacha mwenyekiti wao, Wafula Chebukati, pale ukumbi wa Bomas kwenye kutangaza matokeo ya urais, wakaita waandishi hotelini na kuyakana. Wanne hao hao walipita kwenye usaili wa wazi mwaka 2021! Chebukati akamaliza muda wake Januari 2023, na tume ikakaa bila mwenyekiti zaidi ya miaka miwili, hadi Erastus Ethekon alipoapishwa Julai 2025. Wakati wote huo chaguzi ndogo zinangoja.

Halafu jaji mwenye heshima zake hatakubali kukalishwa kwenye kiti ahojiwe mali zake huku vijana wa mitandaoni wakimkejeli. Mtabakiwa na wanaotafuta ajira.

Shangazi wa Mbagala

Mzee wangu, shikamoo. Jaji kazi yake yote ni kuhoji watu mbele ya watu. Leo ahojiwe yeye, iwe nongwa?

Ila mie wasiwasi wangu ni mwingine. Ushirikishwaji wa kwetu naujua. Januari 2024 Kamati ya Bunge ilipokea maoni ya miswada ya uchaguzi huko Dodoma. Treni ya SGR ilikuwa bado haijaanza, na kwa basi ni siku nzima. Mie nifunge genge, nilipe nauli na gesti, nikaongee dakika chache? Waliokwenda ni wale wale wa vyama na asasi wenye posho zao.

Na hata wakikufuata mtaani, haisaidii kama hakuna wa kuwabana. Tume ya Warioba, ile ya Katiba mpya, ilizunguka nchi nzima, watu wakasema, rasimu ikatoka na serikali tatu za Muungano. 2014 Bunge Maalumu likazirudisha mbili. Kwa hiyo kabla hamjaniita kutoa maoni juu ya mwenyekiti, niambieni kwanza: maoni yangu yakitupwa, nani atalazimika kuniandikia sababu?

Wakili wa Vibandani

Mnagombania mwenyekiti, kura zinajumlishwa na msimamizi wa jimbo. Mei 2019 Mahakama Kuu, kesi ya Bob Chacha Wangwe, ilikataa wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi. Oktoba mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mkurugenzi naye ni mteule wa Rais. Leteni malaika pale makao makuu, huku chini mtu ni yule yule.

Mpigakura wa Tabata

Mzee, shikamoo. Wakenya wamegombana, sikatai. Lakini ugomvi wao wa 2022 ulifika Mahakama ya Juu ukasikilizwa, na mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo ilifuta uchaguzi wa Rais. Wao wakikosea kwenye uteuzi, wana pa kwenda. Sisi tukikosea, imekula kwetu kwa miaka mitano.

Wakili, hilo la wakurugenzi ni kweli tupu, ila anayewasimamia siku ile ni Tume. Mwenyekiti asiyedaiwa fadhila na mtu anaweza kumwambia msimamizi hapana.

Shangazi umenisaidia, sababu ziandikwe na zichapishwe, iwe lazima kisheria. Baada ya yale ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, watu kufa, sisi hapa Dar kufungiwa ndani usiku na intaneti kuzimwa, sioni Tume ijayo itaaminiwaje kwa karatasi ya Ikulu peke yake.

Tatizo langu sasa ni kamati yenyewe. Nani akae? Mimi ningeweka TLS, yaani chama cha mawakili, viongozi wa dini na chama cha walimu.

Mzee wa Kijiwe, Magomeni

Marahaba nyote. Viongozi wa dini waacheni kwenye misikiti na makanisa yao. Walimu ndio wanaokaa vituoni kuhesabu kura, watamsailije bosi wao wa kesho? Na TLS siku hizi uchaguzi wao una kampeni kuliko ubunge.

Shangazi wa Mbagala

Basi taja wewe, mzee.

Mzee wa Kijiwe, Magomeni

Majaji wastaafu.

Wakili wa Vibandani

Walioteuliwa na nani?