Maonesho ya baiskeli za umeme Tempelhof: nikipewa dakika chache kwa kila moja, nipime nini?

Mshambaa_Berlin

Wakuu, habari zenu. VELOBerlin inakaribia pale uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof, na safari hii nataka kwenda na akili ya kununua, si kuzurura kwenye mabanda na kurudi na mifuko ya vipeperushi. Natafuta baiskeli ya umeme ya kwendea kazini, kilomita 14 kwenda na 14 kurudi, karibu yote lami. Nina kilo 86, begi la mgongoni kilo 6. Naishi ghorofa ya nne, jengo halina lifti.

Shida yangu ni ile njia ya majaribio. Mtu anapanda, anazunguka kidogo, anashuka anacheka, kila baiskeli kwake ni nzuri. Tofauti ya mota ya katikati (pale kwenye pedeli) na mota ya kwenye gurudumu nitaijuaje? Kibao kimoja kinasema torki (nguvu ya kuzungusha) Nm 50, kingine Nm 85, kwenye lami tambarare zinaonekana wapi? Nasikia pia sensa za kukanyaga ziko za aina mbili.

La mwisho: mzee wangu yuko Lushoto, milimani kule Tanzania, ana miaka 67 na baiskeli bado hajaiacha. Nikipata ya pili kwa bei ya maana, naweza kupanda nayo ndege Desemba?

Fundi_Spoki

Mkuu, lami ya Tempelhof haina mlima, kwa hiyo inaficha karibu kila kitu unachotaka kulipia. Kwenye tambarare bila upepo wa mbele, kilomita 20 kwa saa inadai wati 80 hadi 100 hivi kwa mtu aliyekaa wima. Hizo miguu yako inaziweza bila msaada. Panda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 15 kwa saa, wewe na begi na baiskeli mkiwa kilo 115, na wati kama 280 zinaishia kwenye mlima peke yake, bado hujahesabu upepo wala tairi. Hapo ndipo Nm 85 inapoachana na Nm 50. Kwenye tambarare zote mbili zinakaa bila kazi, ndiyo maana watu wanashuka wanacheka.

Kabla hujapanda, rekebisha siti. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa; mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Halafu upepo wa tairi. Baiskeli za maonesho hupita mikononi mwa watu wa kila uzito na hakuna anayegusa pampu. Tairi la upana wa mm 50, kwa uzito wako, lianzie bar 2.5 hivi. Beba kipimo kidogo cha upepo na ufunguo wa alen wa mm 5. Ukiruka hatua hii utakuwa unalinganisha siti na tairi huku ukidhani unalinganisha mota.

Mzunguko wa kwanza: mota imezimwa. Karibu hakuna anayefanya hivi, na ndiyo sehemu inayosema mengi. Mota nyingi mpya za katikati, na za gurudumu zenye gia ndani, hujiachanisha zisipofanya kazi, kwa hiyo baiskeli inateleza kama ya kawaida ila nzito. Mota ya gurudumu isiyo na gia ndani utaisikia ikikuvuta nyuma, kwa sababu sumaku zinazunguka na gurudumu muda wote. Kwa mtu wa kilomita 28 kwa siku, hilo si dogo.

Mzunguko wa pili: msaada wa chini kabisa, gia nzito, anza kutoka kusimama. Mota ya katikati inasukuma kupitia cheni na gia, hivyo kwenye gia nzito itaanza kwa kusitasita, kwenye gia nyepesi itaruka. Ya gurudumu haijali uko gia gani. Tofauti yenyewe ni hiyo, na mlimani inageuka kuwa kubwa: mota ya katikati unaishushia gia iendelee kuzunguka haraka, ya gurudumu inalazimika kuzunguka polepole pamoja na gurudumu, umeme mwingi unageuka joto.

Sensa: weka gia nyepesi, zungusha pedeli bila kukaza mguu. Ikiwa baiskeli inakimbia hivyohivyo hadi kasi ya juu ya ngazi uliyochagua, hiyo inahesabu tu kwamba pedeli zinazunguka. Ikiwa inakupa kidogo ukikanyaga kidogo na nyingi ukikanyaga nyingi, hiyo ina sensa ya torki. Ithibitishe kwa kona ya kugeuka nyuma ulikotoka, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ile ya kuhesabu mizunguko huchelewa kuwaka na huchelewa kuzima, na kukusukuma katikati ya kona baada ya kuacha kukanyaga ni jambo baya sana kwenye barabara ya mvua.

Kisha vuka 25. Sheria ya hapa inataka mota ikate kwenye kilomita 25 kwa saa. Endesha 23, 26, 23, 26. Nzuri inafifia, mbovu inakata kama taa ya LUKU iliyoisha. Kazini kwako utakuwa unacheza pale pale kwenye mpaka huo kila siku.

Mlima unaweza kuuigiza: shika breki ya nyuma kwa wepesi huku unakanyaga, sekunde kumi tu, usichome pedi za watu. Usikilize mota inavyolia na kama inachoka. Mbinu hii haifanyi kazi kwenye baiskeli zenye swichi ya kukata mota ndani ya mkono wa breki, na nyingi za mota ya gurudumu zinayo. Kwa hizo, omba muuzaji akupe ya majaribio dukani baada ya maonesho ukapande Teufelsberg. Ni mita 120 tu kutoka usawa wa bahari, lakini ndani ya Berlin huna kilima cha kuchagua.

Badili gia ukiwa umekaza miguu, mara moja tu. Ukisikia mlio wa kukata mifupa, ujue mota haipunguzi nguvu yenyewe wakati wa gia, na cheni na friwili utazibadilisha mapema.

Bi_Gia

Fundi kasema vizuri, ila nampinga kwa mtu huyu hasa. Kilomita 14 za lami ya Berlin na ghorofa ya nne bila lifti: mlima wako mkubwa ni ngazi za nyumbani, mkuu. Nm 85 hazipandi ngazi.

Baiskeli ya mjini yenye mota kamili, taa, keria na stendi hufika kilo 22 hadi 28. Zile nyepesi zenye mota ndogo, kama za Mahle, Fazua au TQ, ziko nyingi chini ya kilo 18, na torki yake mara nyingi haizidi Nm 60 hivi. Beba mizani ya kupimia mabegi ya safari, ining'inize kwenye siti na usukani kwa zamu, jumlisha. Uzito wa kwenye kibao mara nyingi ni wa saizi ndogo, wakati mwingine bila pedeli. Kisha inyanyue begani, pale pale bandani, na uishike nusu dakika. Usione haya.

Swali la pili la kuuliza ni kama betri inatoka. Nyepesi nyingi betri imefungiwa ndani ya fremu, maana yake baiskeli nzima inapanda ngazi kila ikitaka chaji. Betri ya Wh 500 (wati-saa, kiasi cha umeme inachobeba) inayotoka ina kilo 2.5 hadi 3. Baiskeli inabaki chini imefungwa, betri unapanda nayo. Wakati wa baridi utaipandisha tu upende usipende, kwa sababu betri ya lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0. Iache kwanza ipate joto la chumba.

Hesabu ya matumizi: msaada wa wastani hula kama Wh 10 kwa kilomita. Kilomita 28 ni Wh 280, Wh 500 inakupeleka kazini na kukurudisha na akiba ya siku mbaya. Nyepesi ukiitumia kwa msaada mdogo inaweza kushuka Wh 6 au 7 kwa kilomita, kwa hiyo hata betri ndogo inatosha, ukikubali kutoa jasho. Umbali wa kwenye tangazo upuuze. Umepimwa kwenye mazingira ambayo wewe hutayaona.

Halafu angalia kile kibandiko cha uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye fremu. Kinahesabu baiskeli, wewe na mzigo pamoja. Kama kinasema kilo 120, na wewe ni 92 na begi, baiskeli ya 26 inakufikisha 118, zimebaki kilo 2 tu za mboga.

Na usidanganyike na ile ya kilomita 45 kwa saa itakayokuwa kwenye njia hiyohiyo ya majaribio. Ni tamu. Kisheria hapa ni chombo kingine: kibao cha bima, leseni, helmeti, na hairuhusiwi kwenye njia za baiskeli za mjini.

Kontena40

Kuhusu Desemba na ndege: hapana. Abiria haruhusiwi betri ya lithiamu inayozidi Wh 160, iwe mkononi au kwenye mzigo. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika. Betri ya baiskeli ni 400, 500, 750. Kuivua na kuifunga kwenye nguo ni kujitafutia kesi na kuhatarisha ndege nzima. Baiskeli bila betri inaweza kupanda kama mzigo wa michezo shirika likikubali, lakini mzee atapata baiskeli nzito ya kawaida.

Njia ni meli, na hata huko ni mzigo hatari wa daraja la 9. Itangaze kwa wakala kabla ya kupakia, wala usiichomeke kimyakimya katikati ya magodoro kwenye kontena la kushirikiana. Muuzaji muombe ripoti ya UN 38.3 ya betri hiyo, yaani jaribio la usalama wa kusafirisha betri za lithiamu. Wakala makini ataidai. Isafirishe ikiwa na chaji kama asilimia 30, na ncha za umeme za betri zifunikwe. Chaja ya Ujerumani itafanya kazi Tanzania kwa kuwa umeme ni volti 230 na Hz 50, utabadilisha plagi tu.

Lakini kabla ya yote, piga hesabu ya Lushoto. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini unapanda kama mita 1,000. Mzee, baiskeli na mzigo wakiwa kilo 110, kuinua uzito huo mita 1,000 ni Wh 300 kamili kwa fizikia tupu. Mota haifikishi nguvu yote barabarani. Weka asilimia 75 na unafika Wh 400 kama mzee hakanyagi kabisa. Betri ya 250 haifiki. Ya 500 inafika bila akiba kubwa, na akikanyaga inafika vizuri. Mota ya gurudumu yenye betri ya Wh 500 kwa karatasi ni sawa, ila kwa zile kona ndefu za polepole itachemka na kujipunguzia nguvu.

Mshambaa_Berlin

Asanteni sana, hasa hiyo ya ndege, ningeaibika pale uwanjani. Sasa kwa ya mzee: mota ya katikati, betri ya 500 na zaidi, nimeelewa. Kushuka je? Betri haijichaji? Na hizi za Bosch na Shimano, ikiharibika kule nani anaitengeneza?

Fundi_Spoki

Haijichaji. Mota ya katikati inasukuma kupitia friwili, gurudumu likizunguka bila pedeli haligusi mota. Kuna mota za gurudumu zisizo na gia zinazorudisha umeme, ila kiasi ni kidogo na mlimani ni mbaya kwa sababu tulizosema. Kushuka Mombo ni kazi ya breki. Ya mzee iwe na diski za haidroliki, mbele mm 180 au 203, na afundishwe kubana kwa nguvu na kuachia, mbele na nyuma kwa zamu, badala ya kushikilia moja mteremko mzima. Pedi mpya zinahitaji kufungwa breki kama mara 30 kutoka mwendo wa kilomita 25 kwa saa ndipo zishike. Usimpelekee zikiwa mpya kabisa. Ongeza jozi nne za pedi ndani ya boksi.

Ukarabati ndiyo sababu mimi nisingempelekea mfumo uliofungwa. Kwenye mifumo hiyo betri, mota na skrini vinawasiliana, na kosa likitokea fundi anahitaji programu ya kampuni na akaunti ya wakala. Betri ya aina nyingine haipokelewi. Bora mfumo wenye vipuri vya kawaida, mathalani Bafang ya katikati ya volti 36 au 48, ambapo kontrola na waya za sensa hununuliwa kimoja kimoja, na betri inaweza kujengwa upya na fundi anayejua kuunganisha seli: 10 mfululizo kwa 36, zikijaa volti 42, 13 kwa 48, zikijaa 54.6. Kwenye maonesho muulize muuzaji jambo moja: kontrola ikiungua, naiagiza peke yake au nanunua mota nzima? Akianza kuzungukazunguka, shukuru na uende banda la jirani.

Bi_Gia

Nyongeza ya siku yenyewe. Nenda asubuhi wakifungua. Foleni fupi, na betri zimejaa. Jioni nyingine ziko asilimia 20 na baadhi ya mota hupunguza nguvu zikifika huko, utailaumu baiskeli bure. Kitambulisho mkononi, mabanda mengi hukishikilia ukiwa unaendesha, na helmeti ya kwako. Vaa viatu na begi lile lile la kazini, likiwa na kilo zake 6.

Jaribu nne au tano, zisizidi, na urudie ya kwanza mwishoni, maana ya kwanza siku zote inahukumiwa na mtu ambaye bado hajazoea. Ukiipenda, piga picha ya kibandiko cha fremu na namba ya modeli ya mota na betri, si jina la baiskeli pekee. Jina moja huuzwa na betri mbili au tatu tofauti. Bei ya pale usiikubali hadi uulize kama ni ya mwaka huu au iliyobaki stoo tangu mwaka jana, na kama imebaki, betri ilikaa na chaji kiasi gani muda wote huo.