John Fahey, albamu ya kwanza: ni gitaa moja kweli hilo?

galatoni_moro: Wakuu habari za jioni, wenye uelewa wa gitaa naombeni msaada. Kuna albamu ya kwanza kabisa ya Mmarekani John Fahey, Blind Joe Death, hakuna kuimba mwanzo mwisho, hakuna ngoma, ni gitaa kavu tu, lakini mimi nasikia besi inatembea huku solo inaongea juu yake, sasa hapo ni mtu mmoja au ni yeye na huyo Blind Joe? Na aliyezoea kupiga kodi (chords, noti kadhaa kwa pamoja) kwa piki, kile kidude cha kuchapia nyuzi, kama mimi aanzie wapi?

mzee_wa_nyuzi: Ni mtu mmoja mkuu. Blind Joe Death ni jina la kubuni, upande mmoja wa santuri aliandika jina lake, wa pili akampa huyo kipofu kana kwamba ni mkongwe wa bluzi. Hiyo ni 1959, dogo Fahey ana miaka 20, anapiga kazi sheli, akaanzisha lebo yake mwenyewe ya kutoa muziki, Takoma, akatoa nakala 100 tu! Halafu angalia unasikiliza toleo lipi maana nyimbo zake alizirekodi upya 1964 na tena 1967, za baadaye vidole vimetulia ila mimi moyo wangu uko kwa ile ya mwanzo.

fundi_besi: Kila kitu kipo kwenye gumba. Shika kodi ya C, gumba lipige uzi wa tano (hesabu kuanzia ule mwembamba kabisa), wa nne, wa tano, wa nne bila kukatika, vidole vingine vichukue solo kwenye nyuzi nyembamba. Usikimbilie wimbo, piga gumba peke yake mpaka uweze kupiga stori na mtu huku linaenda, ndo uongeze noti moja ya solo sambamba na gumba, kisha noti inayoangukia katikati ya mapigo mawili, hapo ndo wengi wanakwama kwa sababu gumba linataka kufuata vidole.

dada_lushi: Na msisahau wa kwetu Katanga, Kongo, jamani. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco alirekodiwa wimbo wake Masanga na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, 1952, kabla ya Fahey, na anatumia gumba na kidole cha shahada basi! 1969 akapanda jukwaa la tamasha la muziki la Newport hukohuko Marekani. Anzia kwake, utaelewa haraka.

galatoni_moro: Asanteni sana, Masanga naitafuta leo leo. Nikishika kodi ya G gumba linaanzia wapi?

fundi_besi: Uzi wa sita, halafu wa nne.