"Boti ni kwa wazima, wenzetu wakae turubaini wapewe juisi": bwana yule wa klabu amevuka mpaka!

Demani Mkononi (mleta mada)

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Ile klabu ya boti za tanga mnayoijua, ya yule bwana mnayemjua, mwenye kofia ya unahodha yenye dhahabu nyingi kuliko hazina ya taifa, leo imefanya siku ya wazi. Bango KARIBUNI WOTE, herufi za kusomeka kutoka Zanzibar. Watu wakaja: wa viti mwendo, wasioona, viziwi, vijana wa mguu mmoja. Bwana akashika kipaza sauti: "Boti ni kwa wazima. Wenzetu wakae turubaini wapewe juisi."

JUISI!

Eti usalama. Usalama gani, wakati bandani kwake zimelala boti mbili za tanga za msaada, aina ya Hansa 303, popo wamezaana humo mpaka wajukuu? Boti ile ina mita 3.03. Wawili wanakaa chini kabisa, wanatazama mbele, hakuna kuhama upande kila mnapobisha, yaani mnapogeuza boti kuukabili upepo. Unaongoza kwa kijiti kilicho mbele yako: ukikisukuma kushoto, boti inakwenda kushoto. Mkuku ni ubao wa kilo 30 unaoshuka chini. Upepo ukizidi, tanga linazungushiwa mlingoti kwa kuvuta kamba ukiwa umekaa pale pale. Imebuniwa hivyo kwamba hata asiyeweza kusimama anaendesha MWENYEWE. Yeye kaifanya nyumba ya popo, kisha anagawa juisi.

Kumpandisha mtu kuna ugumu gani? Boti inakaa kwenye kigari chake mchangani, mkuku uko juu. Kiti mwendo kinaletwa ubavuni, breki zinafungwa, ubao wa kuhamia unalazwa kati ya kiti na ukingo, mtu anateleza kwa mikono yake. Miguu inafuata mmoja mmoja isinase kwenye kamba. Kabla hajakaa, faiba imwagiwe maji na uwekwe mto mnene wa sponji au jeli: asiye na hisia makalioni hajui kama faiba ya saa saba mchana inamuunguza, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kumlaza miezi. Kisha kigari kinasukumwa mpaka boti ielee, mtu mmoja kila ubavu, na mkuku unashushwa mara tu kina kinaporuhusu. Kabla mkuku haujashuka boti inayumba vibaya, hapo ndipo pa kuogopa, siyo huko mbali baharini. Ukishuka, ufungwe usirudi juu boti ikilala.

Watu wawili wanatosha. Wa kugawa juisi walikuwa sita! Na mirija wakaweka!

Bamvua Kuu

Naunga mkono, ila hukugusa maji. Bamvua, siku za maji makubwa, hapa kwetu kujaa na kupwa kunapishana zaidi ya mita 3. Mteremko salama wa kiti mwendo ni 1 kwa 12, kwa hiyo kushuka mita 3 kunataka njia ya mita 36. Ngazi yao ya zege ni fupi, na maji yakipwa ncha yake inaning'inia juu ya tope. Hata aliye mzima anavunjika nyonga pale. Wasiokuwa na fedha ya gati linaloelea wapange ratiba kwa mwezi: siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, au saa mbili kabla na baada ya kujaa. Mchangani zilazwe plaiwudi tatu, ya nyuma ikishapitwa inaletwa mbele. Magurudumu membamba ya kiti hayatazama.

Mzee wa Kubisha

Mleta mada, nimehesabu "juisi" mpaka kiu imenishika. Ilikuwa ya embe au ukwaju? Punguza herufi kubwa, jukwaa hili lina wazee wa presha. Halafu tuseme kweli: mchezo wenyewe si ulitolewa Paralimpiki? Kama wakubwa wa dunia wameshindwa, mnamlaumu bwana wa watu na kofia yake?

Kana na Usukani

Mzee, usipotoshe. Tanga lilikuwa mchezo wa medali tangu Sydney 2000, likatolewa baada ya Rio 2016. Waliolitoa walisema haukuwa unachezwa katika nchi za kutosha. Nchi hazitoshi kwa sababu kila klabu ina bwana wa juisi! Na Hilary Lister, aliyepooza mikono na miguu, alizunguka Uingereza peke yake ndani ya boti mwaka 2009, akiongoza kwa kupuliza na kunyonya mirija. Hiyo ndiyo kazi ya mirija, mwambieni bwana wenu.

Demani Mkononi

Kana, umenipa raha ya moyo! MIRIJA! Yeye kaiweka kwenye vikombe!

Bendera Juu

Kilichonichoma mimi ni kuwatoa viziwi. Hivi amewahi kufungua kanuni za mashindano? Kanuni ya 26 inasema muda wa kuanza unahesabiwa kwa ishara ya kuonekana, na king'ora kisipolia hakuna hoja. Kiziwi hapungukiwi na chochote kwenye mstari wa kuanzia. Kilichobaki ni mkutano wa maelekezo uandikwe ubaoni, na boti ya uokozi iwe na ishara za mikono zilizokubaliwa mapema: simama, tua tanga, rudi.

Asiyeona naye anashika kana, mkono wa usukani, kwa upepo wa masikioni na shingoni. Mwenzake anamtajia boya kwa saa: "saa mbili, mita hamsini." Kosa la wengi ni kumpigia kelele watu watatu kwa pamoja. Asemeshwe na mmoja tu.

Mwana wa Ngalawa

Mnahangaika na hizo Hansa, boti za Australia. Ngalawa ina matengo, mbao za kuelea, pande zote mbili, kupinduka si rahisi. Tatizo ni mtumbwi wenyewe, mwembamba, mtu mwenye vyuma miguuni haingii. Funga jukwaa la mbao juu ya mirengu, ile miti inayoshika matengo, weka kiti chenye mgongo, toa kana na badala yake pitisha kamba mbili kutoka usukani mpaka kwenye kiti, moja kila mkono. Fundi wa pwani anamaliza kwa siku moja.

Bamvua Kuu

Wazo zuri, lakini mkanda wa kifua usifungwe fundo! Uwe wa kunata, ufunguke kwa mvuto mmoja, hata na mtu mwingine. Na jaketi la kuokolea lijaribiwe kwanza maji ya kiunoni, wawili wakimshika. Miguu iliyopooza huelea juu, na jaketi la kawaida linaweza kushindwa kumgeuza uso utazame mbingu. Mwenye shingo dhaifu apewe la kola.

Pweza Mkavu

Yote hayo bure kama choo kile hakijavunjwa. Mlango sentimita 60, kiti mwendo kinataka 80 au zaidi, na ndani kuna kizingiti. Mtu atashinda baharini saa tatu bila kunywa maji kwa kuogopa choo, mwisho azimie na jua. Hapo ndipo juisi ingefaa!

Mzee wa Kubisha

Choo kile hata sisi wenye miguu yetu tunaingia kwa ubavu. Ada imepanda mara mbili, bafu halina maji, na maboya ya kufungia boti yamekatwa minyororo. Fungueni uzi wa maboya.

Mwana wa Ngalawa

Minyororo haikatwi, inaliwa. Wanafunga shakali, pingu ya kuungia mnyororo, ya chuma cha pua kwenye mnyororo wa mabati, ndani ya maji ya chumvi mabati yanaisha upesi. Weka shakali ya mabati, kaza pini kwa waya, kagua kila msimu kabla ya kusi, upepo wa kusini, kuanza.

Pweza Mkavu

Kusi halijaanza na tanga langu tayari limechanika. Nimeshonewa turubai la pikapu.

Demani Mkononi

Jamani, tusitoke kwenye mada. TURUBAINI, WAPEWE JUISI!

Kana na Usukani

Pweza, turubai la pikapu linaoza kwa jua. Tafuta dakroni, kitambaa cha matanga, uzi wa poliesta, mshono wa zigizaga mistari miwili, pembeni uongeze viraka vitatu.

Pweza Mkavu

Dakroni mita shilingi ngapi siku hizi? Na fundi yule wa gatini bado yupo?