Tupeane uzoefu: mchezo gani uliacha ghafla, au mwanao kauacha?

Jana binti yangu wa darasa la tano kaitwa na wenzie kucheza rede kagoma, eti ya watoto. Huyu huyu alikuwa analia nikimwita kula hajamaliza kujaza mchanga kwenye chupa. Alianza na ukuti ukuti, ikaja kujipikilisha na vifuu, mdako, rede, sasa wanakaa barazani wanaongea tu. Nimeumia jamani. Wenu ilikuwaje?

*

Dada umenigusa. Mimi nilivunja ungo, bibi akasema rede basi, wewe mwali. Nikawa nawachungulia wenzangu dirishani roho inaniuma.

*

Hata sisi. Mpaka kamba tulikatazwa.

*

Sisi Tanga kombolela ilikufa usiku mmoja. Magharibi imeingia, dogo mmoja kapanda kwenye fuso la jirani kajificha chini ya turubai, akapitiwa na usingizi, dereva hana habari kawasha anaenda Muheza kubeba machungwa, huku sisi tunamwita toka tumekukomboa, kimya, mama yake anapita nyumba hadi nyumba, wazee wanamulika tochi visimani, nikamwona baba yake kakaa chini mchangani hawezi kusimama, sijawahi kuogopa vile.

*

WEE! Alipatikana??

*

Alipatikana, wapakiaji walifunua turubai wakamkuta, karudishwa alfajiri. Kombolela ikapigwa marufuku mtaa mzima, tukahamia draft na wakubwa.

*

Kukomboa mlikuwa mnapiga kopo au mpira?

*

Kopo! Mpira ni nage, usichanganye.

*

Kwetu Moro mpira, usitupangie.

*

Turudi kwa mama. Nafundisha chekechea. Wa miaka miwili anacheza pembeni ya mwenzie, hachezi naye. Minne, mitano ni kuigiza baba na mama. Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwaangalia watoto wakicheza gololi, akaona wadogo kila mmoja anacheza lake na wote wanasema wameshinda. Wakikua ndio wanataka sheria, na ugomvi unaanzia hapo. Binti yako hajaacha kucheza, yale maongezi ndio mchezo wake wa sasa. Mwache.

*

Usimwache, hapo barazani ndio wanaanza kuoneshana simu. Mpeleke netiboli.

*

Mama chukua chupa ujaze mchanga mwenyewe hapo uani, ukikosea atakuja mbio kukuelekeza 😂