Chasisi ya Land Rover ya marehemu Baba: tuipake nini?

Hamza (Tanga), saa 1:40 jioni
Assalaam alaykum nyote, na shikamooni wakubwa zangu. Leo tumemaliza kuiteremsha bodi ya Land Rover ya marehemu Baba, na chasisi sasa imelala uani peke yake juu ya magogo manne. Naomba tuamue pamoja tutaipaka nini, kwa kuwa jambo hili likishafunikwa na bodi hatutaligusa tena kwa miaka mingi. Nilikuwa nimekusudia kuirudishia lami nyeusi kama ilivyokuwa, lakini nilichokiona leo kimenitia shaka. Niligonga upau wa nyuma kwa nyundo ndogo, mahali ambapo lami ilikuwa inang'aa bila doa, na nyundo ikazama. Nilipoibandua, lami ilitoka kipande kizima kama gome la mti, na upande wake wa ndani ulikuwa umebeba tabaka la kutu lenye unyevu, ingawa hatujapata mvua kwa siku tisa.

Mjomba Rashidi, saa 1:52 jioni
Waalaykum salaam, marahaba. Lami hiyo naikumbuka vizuri. Gereji moja iliipaka juu ya kutu na matope bila hata kuiosha chasisi, nasi tukalipa tukiamini tumepata kinga. Lami ikiwa mpya hushika, lakini ikizeeka hukauka na kupata nyufa nyembamba kama unywele, na maji ya chumvi yakishapenya humo hayapati pa kutokea. Sisi tulioendesha magari ya mashamba ya mkonge tulikuwa tukipuliza oili chafu iliyochanganywa na dizeli kila masika yalipokwisha. Ilisaidia kwa kweli, ila ilivimbisha bushi na mipira ya breki, na uwanja mzima ukachafuka. Siwashauri kuirudia.

Shangazi Mwanaidi, saa 1:58 jioni
Mimi naomba kueleweshwa jambo moja. Gari ni lile lile, limelala kwenye banda lile lile, sasa kwa nini bodi ni nzima na chasisi imeoza?

Zuhura (Muscat), saa 2:15 usiku
Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Bodi ni ya aloi ya alumini, kwa sababu magari ya aina hii yalipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa bado kinatolewa kwa mgao baada ya vita. Chasisi yenyewe ikabaki ya chuma: mabamba manne yaliyochomelewa kingo kwa kingo hadi yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Humo ndimo ulimo ugonjwa wote. Matope huingia kupitia matundu, yakatuama chini, yakashika unyevu na chumvi, na chuma kikaanza kuliwa kutoka ndani kuja nje, hata siku tunayoiona kutu kwa macho bamba huwa limebaki jembamba kama kopo. Nimekagua rangi za matangi na mabomba kwa miaka minane, hapa ambapo upepo wa bahari ni mkali kama wa huko kwetu, na ombi langu ni kwamba tusianze kwa kuuliza rangi ipi ni ngumu zaidi, bali tuulize ni kinga ipi itakayofika ndani ya boksi.

Hamza, saa 2:21 usiku
Jirani yetu amenishauri tuipeleke ikachovywe kwenye zinki, kama yanavyofanyiwa mabati ya kuezekea. Je, hiyo si ndiyo inayofika ndani?

Zuhura, saa 2:40 usiku
Inafika, na kwa chasisi mpya ningesema twende huko bila kusita. Chuma huzamishwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 450 za Selsiasi, zinki ikaingia kila pembe, na hata baadaye rangi ikikwaruzwa zinki ndiyo huliwa kwanza kabla ya chuma. Magari ya majaribio ya mwaka 1948 yenyewe yalikuwa na chasisi zilizochovywa hivyo, kabla ya kiwanda kugeukia rangi. Lakini kabla ya kuchovywa chuma huogeshwa tindikali, na tindikali hiyo ikiingia kati ya mabamba mawili yaliyolaliana haitoki kwa urahisi. Hubaki humo na kuvuja polepole, ikila chuma chini ya zinki nzuri. Hamza, hebu nihesabie viraka vilivyochomelewa juu ya chuma cha zamani.

Hamza, saa 3:05 usiku
Nimekwenda na tochi. Ni kumi na kimoja, na viwili kati yake vimewekwa juu ya viraka vingine.

Zuhura, saa 3:09 usiku
Basi zinki haitufai, isipokuwa tukate viraka vyote na kuweka chuma kipya kilichounganishwa ukingo kwa ukingo. Hilo litazidi uwezo wetu wa mwaka huu, na bado tungelipia lori la kwenda na kurudi.

Kaka Salim (Dar es Salaam), saa 3:14 usiku
Nami nilitaka kupendekeza rangi ya unga inayookwa, kwa sababu milango ya chuma ya nyumbani kwangu ilipakwa hiyo na ni imara sana.

Zuhura, saa 3:20 usiku
Kwa mlango ni nzuri, Kaka. Kwenye chasisi, jiwe moja likiivunja mahali padogo maji hutambaa chini yake na kuiinua kama ngozi, wala ndani ya boksi haifiki.

Pendekezo langu ni epoksi, yaani rangi ngumu ya makopo mawili yanayochanganywa wakati wa kupaka, kwa nje na nta ya kupuliza kwa ndani. Epoksi hushika chuma kilichosafishwa vizuri kuliko rangi nyingi, na udhaifu wake mkubwa, ambao ni kuchujuka juani na kuwa kama chaki, hautuhusu kwa kuwa chasisi hukaa kivulini. Kabla ya kupaka eneo lote, fundi achukue brashi apake kwanza kingo, pembe na mistari yote ya kuchomelea, kwa sababu rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali na kuiacha na utando mwembamba, na kutu huanzia hapo hapo. Baada ya hapo zije tabaka mbili kamili.

Mjomba Rashidi, saa 3:31 usiku
Nakubaliana nawe, mwanangu. Naongeza jambo moja ambalo mafundi wetu hulikosea: wakiambiwa wasafishe kwa mchanga wa kupuliza, huenda kuchota ufukweni. Mchanga huo una chumvi, nayo chumvi hupigiliwa ndani ya chuma kile kile tunachotaka kukiponya. Isitoshe, vumbi la mchanga huharibu mapafu, na nimewazika wenzangu wawili waliofanya kazi hiyo bila kujifunika uso. Itafutwe ganeti, yaani punje za madini magumu, au mawe maalumu ya kazi hiyo, na chasisi ioshwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi yanayopulizwa kwa nguvu.

Zuhura, saa 3:38 usiku
Ahsante sana, Mjomba. Ioshwe na ndani pia, mpaka maji yanayotoka kwenye matundu yawe meupe, kisha ipulizwe hewa ya kompresa na iachwe ikauke kabisa. Chuma kikishasafishwa kisilale usiku mmoja bila rangi, kwa kuwa umande wa Tanga utakigeuza rangi ya chungwa kabla ya alfajiri. Kazi ianze saa nne asubuhi, chuma kikiwa na joto la angalau nyuzi tatu juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewani huanza kugeuka matone. Nta ipulizwe mwisho kwa bomba jembamba linaloingizwa hadi katikati ya boksi, matundu ya kutolea maji yaachwe wazi, na irudiwe baada ya kila miaka miwili.

Hamza, saa 3:47 usiku
Nimeelewa. Namba ya chasisi imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na shakeli ya springi, na naogopa ganeti itaifuta au epoksi itaijaza, nasi tutapata taabu kwenye kadi ya gari.

Mjomba Rashidi, saa 3:50 usiku
Ipige picha leo, uifunike kwa kipande cha mpira kilichofungwa waya. Mahali hapo patasafishwa kwa brashi ya mkono na kupakwa tabaka jembamba. Tena, usiibane bodi ya alumini moja kwa moja juu ya chuma. Weka vipande vya mpira katikati, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye chumvi alumini huliwa.

Kaka Salim, saa 3:55 usiku
Nta na bomba lake nitavitafuta mimi huku na kuvituma kwa basi la Alhamisi.

Shangazi Mwanaidi, saa 4:02 usiku
Nimeridhika, na fungu langu la epoksi nitalitoa. Hamza, usiku huu ifunike turubai hiyo chasisi, maana upepo umeanza kutoka baharini.

Hamza, saa 4:10 usiku
Nimeifunika, Shangazi, na picha ya namba nimeiweka hapa chini.