Naomba ushauri: pampu ya sola ya kunyweshea ng'ombe malishoni

Habari zenu, wafugaji wenzangu. Nina ng'ombe 35 wanaolishwa mbali na nyumbani, umeme haufiki huko. Kuna kisima, maji yako mita 22 chini. Mpaka sasa tunavuta kwa jenereta, na siku mafuta yakikosekana mifugo inashinda na kiu. Inaniuma sana, hasa nikiwatazama wanaonyonyesha.

Nimepiga hesabu ya lita 60 kwa kila ng'ombe siku ya joto, yaani lita 2,100. Pampu ya kukaa juu haiwezi kufyonza kutoka kina hicho (mwisho wake ni kama mita 7), kwa hiyo lazima iwe ya kuzama.

Kinachonisumbua ni betri. Ninunue ili pampu ifanye kazi hata usiku, au niunganishe paneli moja kwa moja na pampu, na fedha ya betri niiweke kwenye tangi la kutosha siku tatu za mawingu? Mimi naegemea tangi, maana maji yakishapanda yamepanda, lakini betri inachoka. Tangi likikaa mwinuko kidogo, maji yatashuka yenyewe hadi kwenye birika la kunyweshea lenye boya (linalofunga maji birika likijaa).

Ila kiangazi kisima changu hujaa taratibu. Vile vifaa vya kuzima pampu maji yakipungua vinadumu kweli? Na paneli mnazifunga vipi, ng'ombe wasijisugue kwenye nguzo wala wezi wasizibebe?

Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijalipa.