Maafisa ustawi wa jamii hospitalini: kwenye mlipuko tunaitwa, kwenye semina hatumo

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwenye hospitali moja hapa Mwanza. Januari 2025 Marburg, ile homa kali ya virusi inayoua, ilipotangazwa Biharamulo mkoani Kagera, ikaandaliwa semina ya kujikinga nayo. Wakaitwa madaktari, wauguzi, watu wa maabara, mpaka walinzi wa getini, na ni haki yao kabisa. Nikauliza, sisi je? Nikajibiwa: "Ninyi hamgusi mgonjwa."

Hatugusi? Wiki haikuisha akaletwa kijana mvuvi kutoka upande wa Kagera, homa kali, anatapika. Akatengwa. Nani aliambiwa akamweleze dada yake kwamba haruhusiwi kumwona? Mimi, na barakoa moja. Yule dada alinishika mikono yote miwili akilia, kiunoni bado kajifunga khanga aliyomfutia kaka yake matapishi njiani. Glavu sina. Ningemsukuma?

Usiku nikasoma mwenyewe kwenye simu: inaambukiza kwa majimaji ya mwili, na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 21. Nikajifungia chumbani, sahani yangu peke yake, mwanangu wa miaka minne anagonga mlango, "Mama, mbona hutoki?" Majibu yakatoka, kijana hana Marburg. Mimi sikupigiwa simu na mtu. Nilikuja kusikia kwenye korido, siku mbili baadaye!

Na angekufa je? Maiti ya Marburg inaambukiza, haioshwi nyumbani, inazikwa na timu maalumu. Wa kumwambia mama mzazi hatamwosha mwanawe ni mimi. Nimwambieje? Akigoma, wajomba wakija juu, nafanyaje? Hakuna aliyewahi kunifundisha. Hata kuvua glavu bila kujichafua sijafundishwa, na kwenye kuvua ndiko mtu anakoweza kujiambukiza kirahisi.

Wakati wa corona tuliambiwa tuvumilie, ugonjwa ni mpya. 2023 Marburg ikaingia Bukoba Vijijini, wakafa watu sita akiwemo mhudumu wa afya. 2025 ikarudi mkoa uleule, na wa kwetu kila siku wanapishana njiani na wa kule. Bado sisi ni watu wa misamaha ya bili na maiti zisizo na ndugu tu.

Wenzangu wa Bukoba, Geita, Musoma, Ukerewe: kuna hata mmoja wenu aliyeingizwa kwenye hizo semina? Nataka kujua kama ni hapa kwetu tu.